Kivuli cha Talaso

Sheria ilimtaka kila anayevuka jangwa la Chalbi aache nyumbani kivuli chake: kisanduku chenye sauti na tabia zake, ili jamaa wasipungukiwe na mtu. Jamaa wakikikataa, safari hakuna. Bi Qabale, mama yake Talaso, alikuwa amekikataa mara mbili.

"Hiki kinakubali kila neno," alimwambia mkaguzi. "Mwanangu ni mbishi."

Mwaka huu Talaso alitumia miezi minne kukifunza ubishi. Asubuhi ya safari, pikipiki sita zilikuwa uani, madumu ya maji yamefungwa, magurudumu yamepunguzwa upepo kwa ajili ya mchanga. Mkaguzi akakiwasha kivuli mezani.

"Mama, chai umeitia chumvi tena? Na daktari amekataza!"

"Kwani daktari ndiye anayeinywa?" Bi Qabale alifoka, macho yaking'aa. "Hebu nyamaza!"

"Sinyamazi."

Mkaguzi, ambaye kazi yake haikumdai tabasamu, akagonga muhuri.

Uani honi zililia. "Kiongozi!" Guyo, mmoja wa wasafiri wenzake, alipaza sauti juu ya pikipiki yake. "Leo tutakula vumbi lako!"

"Mtakula mpaka mshibe," Talaso alijibu, kofia ngumu mkononi. Hakuwahi kushinda jambo kwa jasho kiasi hicho. Akarudi ndani kuaga, akakuta mabishano yamefika kwenye habari za ndoa.

"Mama, naondoka."

Bi Qabale aliinua mkono bila kugeuka.

"Funga mlango taratibu," alisema. "Naongea na mwanangu."