Sumaku Mpya za Shekuwe

Bendi ilimpa Shekuwe wiki moja tu: gitaa lake lilie sawasawa, la sivyo solo itapigwa na mtu mwingine. Yeye alililaumu gitaa. Alisema zile sumaku zilizo chini ya nyuzi, zinazopeleka sauti kwenye spika, zimezeeka.

"Zimezeeka kukushinda wewe?" aliuliza Makoba, fundi redio na rafiki yake wa siku nyingi. "Haya kaa, bwana harusi. Nina aina mbili, uchague."

Akafunga za kwanza, akachomeka waya wa spika. Shekuwe akapiga kidogo, akakunja uso.

"Hizi zinanung'unika kama mama mkwe."

"Mama mkwe wako alikuwa na haki."

Fundi akachomoa waya, akafunga za pili. Shekuwe hakusubiri. Alifumba macho, akapiga ule wimbo uliokuwa ukiwainua watu vitini, akaupiga mpaka mwisho, na uso ukamkunjuka.

"Hizi ndizo," alisema. "Umesikia zinavyolia? Kengele tupu."

Makoba alitazama mkono wake. Waya wa spika ulikuwa bado mkononi mwake.

"Mbona kimya? Wivu?"

Makoba akasogea mbele yake, mahali ambapo midomo yake ingeonekana vizuri.

"Nimesikia," alisema polepole.

Shekuwe akatabasamu, akaanza upya. Fundi akaketi karibu naye, ule waya ameuzungushia kiganjani, akawa anatikisa kichwa kwa kufuata vidole vya rafiki yake.