Ukurasa wa Kufungia Maini

Mbaruku, mwenye bucha, alichana ukurasa wa daftari la Tunu akafungia maini ya mteja.

"Bosi, hizo notsi zangu! Mtihani wa leseni ya uuguzi ni leo saa nane!"

"Hapa unauza nyama. Ukitoka, usirudi."

Miaka miwili Tunu alisoma hivyo hivyo, daftari likining'inia kwenye ndoano katikati ya mbavu za ng'ombe. Akaunyakua ule ukurasa. Kofi likamtua shavuni, akapepesuka, mdomo ukapasukia kwenye mzani.

Mbaruku akarudi kukata nyama huku anafoka. Kwa hasira akawa anavuta kisu kuelekea kwake, kosa ambalo yeye mwenyewe humkanya kila mfanyakazi mpya. Kisu kikateleza kwenye mfupa, kikazama pajani mwake. Damu ikaruka hadi ukutani.

"Tunu, mwanangu, nakufa!"

Mteja akatoka mbio kutafuta gari. Tunu akatema damu yake mwenyewe, akapiga magoti, akamkandamiza ngumi kinenani, juu ya jeraha, panapopita mshipa mkubwa wa damu, kwa uzito wake wote. Damu ikatulia. Alipolegeza kidogo tu, ikaruka tena.

Nje, bodaboda aliyekodiwa kumpeleka kwenye mtihani akapiga honi.

"Dada, twende! Saa nane kasoro robo!"

Mbaruku alimng'ang'ania mkono kwa kile kiganja kilichompiga. "Usiniache."

Honi ikalia tena, ndefu. Shavu la Tunu lilikuwa bado linawaka moto, lakini akazidi kukandamiza ngumi.