Pilau ya Jumanne

Hapa kwetu hakuna anayekamatwa kwa tuhuma za ugaidi kabla jirani aliyechaguliwa na mtaa hajala naye na kumsikiliza. Mtaa wetu ulinichagua mimi. Kila Jumanne napika pilau, awepo mtuhumiwa wa kusikilizwa au asiwepo. Miaka sita, wageni arobaini: watatu niliwakabidhi kwa serikali, waliobaki wakarudi makwao na heshima zao. Mabomu yamekoma, wala hakuna mama anayelia mwanawe kaonewa. Nishani yangu naivaa hata sokoni!

Jumanne hii Bi Zaituni, msikilizaji mwenzangu aliyechaguliwa na mtaa wa pili, alibisha hodi.

"Dada, leo usipike. Njoo ule kwangu."

"Umepika nini?"

"Pilau," alisema, akiangalia chini.

Nilivaa nishani, nikatoka kifua mbele. Njiani ndipo nilipojiuliza: katika wale arobaini, yupo hata mmoja aliyemaliza sahani yake?