Waya wa Pili

Bei ya pili ilipotea tena.

Winifrida alibonyeza namba ya kitenge cha kwanza, bei ikatokea. Akabonyeza ya pili, kioo cha kompyuta kikanyamaza kama maji ya mtungini. Ya tatu, ikatokea. Ya nne, kimya. Wateja wa jumla kutoka mikoani walikuwa wamefurika hadi barazani, na huko nje, Mtaa wa Sikukuu, wapagazi walipiga miluzi wakiuliza mizigo iko wapi.

"Fundi wa Bongo nzima," Winifrida alisema bila kugeuka, "jana ulituambia kompyuta itakimbia. Mbona hatuoni ilikokimbilia?"

Fundi mwenyewe alikuwa Shaibu. Jana jioni, mbele ya duka zima, aliiwekea seva, kompyuta mama ya duka, kernel mpya, ule moyo wa mfumo unaoendesha kila kitu, akajipiga kifua kwamba Kariakoo yote haina mwenzake. Mzee Rajnikant, mwenye duka, akampa ahadi: mambo yakitulia, maduka yangu yote matatu ni yako kuyahudumia. Yasipotulia, namwita yule fundi wa Upanga anayevaa tai. Njaa Shaibu angeivumilia. Ile tai, hapana!

Akapiga magoti chini ya meza. Seva ilikuwa na kadi mbili za mtandao, zimefungwa pamoja zifanye kazi kama moja, kila kadi na waya wake. Nyaya zote mbili zilipotelea nyuma ya marobota ya vitenge.

Mlangoni akasimama Hashil, muuza masufuria wa duka la jirani. Uso wake ulikuwa umekunjamana kuliko siku zote.

"Winifrida, mwambie tajiri wako mkokoteni wake umeniziba mlango."

Mzee Rajnikant alikuwa karibu kiasi cha kumgusa. Akatazama dari. "Winifrida, mwambie huyo mtu barabara ni ya serikali."

"Mwambie hata serikali ina adabu."

"Mwambie angekuwa na adabu ya kuuza, masufuria yangemdodea?"

Wateja wakacheka. Mtaa mzima uliijua hadithi yao: walikosana pale barazani tangu enzi za foleni za sukari, kila mmoja akaapa mbele ya watu kwamba hatamsemesha mwenzake hadi kufa. Biashara ikafunguliwa, mitumba ikaingia, simu za mkononi zikaingia. Kiapo hakikutoka.

Hashil hakuondoka upesi. Alimkodolea macho Shaibu pale chini, akaguna, ndipo akaenda zake.

Shaibu akachomoa waya wa kwanza. Bei zote dukani zikazimika, Winifrida akapiga kelele. Akaurudisha, akachomoa wa pili. Bei zikatokea moja baada ya nyingine, bila kuruka hata moja.

Hapo akacheka peke yake. Kadi zile zilikuwa kama wapagazi wawili. Zamani waliamriwa kila mzigo waubebe wote wawili, huyu na nakala yake na yule na nakala yake. Kernel mpya imeisahau amri hiyo, sasa wanapokezana: mmoja analeta mzigo dukani, mwenzake anatokomea nao asikojua mtu. Shaibu akaurudisha waya wa pili mahali pake, akaandika amri mpya: kadi ya kwanza ifanye kazi, ya pili ilale hadi mwenzake afe.

Duka likavuma kama mzinga wa nyuki.

"Haya, nimekusamehe," alisema Winifrida. "Kwa leo."

Shaibu akaingia ofisini kwa tajiri, kifua mbele. Mzee Rajnikant alitazama kompyuta yake, akabonyeza mara mbili, akatikisa kichwa.

"Bado."

"Bado nini, Mzee? Sikiliza duka linavyovuma!"

"Waya wa pili."

"Umelala. Wa kwanza ukifa, utaamka."

"Uamshe. Uwe kama zamani."

"Lakini una kazi gani huo waya?"

"Kijana, maduka matatu unayataka au huyataki?"

Damu ikamchemka Shaibu. Akatoka, akasogeza marobota, akaufuata waya wa pili kwa mkono. Ulitambaa chini ya rafu, ukapanda, ukaingia kwenye tundu la ukuta lililozibwa kwa chokaa. Nyuma ya ukuta huo palikuwa kwa Hashil.

Winifrida akashika mdomo. "Mungu wangu! Anatuchungulia bei!"

"Na Mzee wa watu kadanganywa ni waya wa akiba, akaamini," Shaibu alisema, tayari na koleo mkononi.

Akauruka mkokoteni, akaingia dukani kwa Hashil. Hashil alikuwa nyuma kabisa, katikati ya masufuria, ameikodolea macho kompyuta kuukuu.

"Shikamoo," Shaibu alisema, maana hasira haifuti malezi.

"Marahaba."

"Umefumwa, Mzee! Waya wako unaotokea kwetu nimeulaza, na sasa naukata. Mtaa mzima utajua!"

Hashil akaruka kitini. "Kumbe ni wewe! Tangu jana jioni nahangaika, nikadhani amenikimbia!"

Akamgeuzia kioo. Hapakuwa na bei hata moja. Palikuwa na ubao wa drafti, kete nyeusi na nyeupe zimekabana katikati ya vita, na chini yake maneno machache ya jana: *Cheza, Hashil, usiniletee usingizi.*

Ukuta ukagongwa kutoka upande wa pili.

"Shaibu!" ikasikika sauti ya Mzee Rajnikant. "Mwambie huyo mtu ni zamu yake."