Mkono Begani

Kila Januari mchoraji wa Baraza la Wasomi huja nyumbani kurekebisha picha ya mume wangu, Profesa Mbwambo. Sheria inasema msomi anajua kile tu kilichochorwa kwenye picha yake. Mwaka jana mchoraji alifuta zeze lililoning'inia nyuma yake pichani, na tangu hapo mume wangu, aliyekuwa akilipiga kila Jumapili, hulipita ukutani kama anavyoupita ufagio.

Safari hii alikuwa anapandishwa cheo. Mchoraji alimwongezea joho jekundu, vitabu vinene na paji la uso pana zaidi. Kisha akarudi nyuma kidogo, akakunja uso.

"Huu mkono begani unampunguzia msomi uzito. Ni wa nani?"

"Wa Mama Niwaeli," mume wangu alijibu. "Mke wangu."

"Ukibaki, cheo hakipandi."

Mume wangu aliniangalia. Nilikuwa nimeshika birika, nikiwaza kama sukari itatosha.

"Ufute," alisema.

Haikuchukua muda. Joho lilikuwa la rangi moja, kuufunika mkono kwa rangi hiyo hakukumsumbua mchoraji hata kidogo.

Nilimsindikiza mgeni hadi mlangoni, nikarudi na chai ya tangawizi, vile mume wangu anavyoipenda. Aliponiona alisimama, akafunga kifungo cha shati.

"Karibu, mama," alisema kwa adabu. "Unamtafuta nani?"

Nikaweka kikombe mezani.

"Nimemletea Profesa chai," nilimjibu.