Bajaji Iliyopisha Jeneza

Kitu cha kwanza Otilia alichokiona ni kofia ya mgambo wa halmashauri. Mgambo alikuwa ameivua na kuibana kwapani, kama wanaume wote barabarani.

Jeneza lilikuwa likipita kwenda kanisani. Otilia naye alizima bajaji aliyokuwa akiiendesha, akashuka, akainamisha kichwa.

Waombolezaji walipopita, mgambo akavaa kofia, akafunga gurudumu la mbele kwa mnyororo.

"Umeegesha pasiporuhusiwa. Lipa faini, au bajaji inalala kwetu."

"Kaka, nilikuwa napisha msiba. Hata wewe ulivua kofia."

"Kofia haiegeshwi, dada."

Watu wakacheka. Abiria wake, mama mwenye beseni la dagaa wa Mbamba Bay, akamnong'oneza, "Mwombe msamaha, mwanangu. Hawa hawashindwi."

Kuomba msamaha Otilia alikujua. Hata akikanyagwa kwenye foleni ya maji, yeye ndiye husema samahani. Na mwenye bajaji alishamwonya: ikikamatwa, kazi hana.

Otilia akaketi chini, mgongo kwenye gurudumu, mnyororo ukimchoma ubavuni.

"Sina kosa," akasema, na waliokuwa ng'ambo ya barabara wakageuka. "Silipi. Na msamaha siombi."