Mita Mia

Kwa miaka tisa Sikudhani alisimamisha magari penye matengenezo ya barabara, na hakuna kibarua hata mmoja aliyegongwa. Leo injinia alimtaka arudishe kibao chake cha SIMAMA.

"Mtihani wa cheti umekushinda, mama. Koni ya kwanza inawekwa mita mia kutoka kwa vibarua. Wewe umeandika mia tatu!"

"Hapa ni mteremko, bosi, tena una kona. Lori la mawe halisimami kwa mita mia."

"Kitabu kinasema mia."

Msimamisha magari mpya, aliyeletwa kushika nafasi yake, cheti chake kingali ndani ya nailoni, akapima kwa utepe mrefu. Mia ikaishia chini ya kona, mahali ambapo dereva anayetoka juu haoni kitu. Akaiweka koni hapo hapo, akapangusa mikono.

Sikudhani akasonya. Akaikwapua ile koni, akaikumbatia na kuanza kupanda mlima, akihesabu kwa sauti.

"Mia na moja! Mia na mbili!"

"Mama, rudi! Huna ruhusa!" injinia akafoka.

"Mia na tatu!"

Huko juu, lori likanguruma. Vibarua wakatupa sururu zao, na wa kwanza kuruka mtaro alikuwa mwenye cheti.